Sikio Halifi Mara Mbili

Brightson alijaribu kusimama ampokee mgeni, akashindwa. Alishika kochi kwa mikono miwili, akainuka nusu, mwili ukamwelemea upande wa kulia. Mkewe akawahi kumdaka kabla hajaivamia meza ya chai.

"Kaa, Bwana Brightson, kaa tu," alisema Inspekta Apolonia Ndunguru. "Nimeleta maelezo yako uyasome utie saini. Jumamosi kituoni ulikuwa unatapika, ukaondoka hujasaini."

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, Kimara, nyumba ya tatu kutoka Barabara ya Morogoro. Siku ya sita tangu Talha, karani wa godauni la mitumba kule Kurasini, aokotwe chini ya ngazi ya darini, kisogo kimepasuka kwenye sakafu ya saruji. Kuli mmoja, Hija, alikuwa mahabusu kwa kifo hicho. Na mtu pekee aliyesema alimwona Hija akitoka godauni mbio saa kumi jioni ya Ijumaa alikuwa huyu Brightson, mtumishi wa wakala wa forodha, anayekwenda pale kila siku kukagua marobota ya mitumba yanayoshushwa kutoka bandarini.

Apolonia alimpa karatasi. Brightson akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Mistari inatembea," alisema.

Apolonia aliinama kidogo, kama anayetaka kumwonyesha mahali pa kuanzia, akamtazama machoni. Macho yale hayakuwa yametulia. Yaliteleza taratibu kwenda kulia, halafu yakaruka ghafla kushoto. Yakateleza, yakaruka. Aliyahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na mbili.

"Unaumwa nini?"

Brightson hakujibu. Alikuwa anamtazama Apolonia mdomoni. Mkewe, Adelina, akarudia swali kwa sauti kubwa.

"Ni maradhi yangu ya zamani, afande," Brightson akasema. "Sikio la kushoto. Tangu mwaka tisini na moja."

"Mama Hope, ni kweli?"

Adelina alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitenge kilichofungwa kwa haraka. Alimtazama mumewe kabla ya kujibu. "Yanarudirudi," alisema. Kisha, bila kuombwa, akaingia chumbani akarudi na kadi ya hospitali ndani ya mfuko wa nailoni.

Kadi ilikuwa ya kweli. Mihuri ilikuwepo, tarehe zilikuwepo. Machi 1991: homa kali, kizunguzungu, kutapika, sikio la kushoto halisikii. Wiki sita kitandani. Julai mwaka huohuo: anatembea vizuri, arudi kazini.

"Safari hii yamerudi lini?"

"Ijumaa usiku."

"Hospitali umekwenda?"

"Watanipa vidonge vilevile."

"Nimemwambia twende, hataki," Adelina alisema.

"Mama Hope!"

Chumba kilikuwa na joto. Umeme ulikuwa kwenye mgao na feni ilikuwa imesimama. Jasho lilikuwa likimtiririka Brightson shingoni, na bado alikuwa amevaa kofia ya sufu aliyoivuta mpaka chini ya masikio.

"Upepo unamdhuru," alisema Adelina, baada ya kuona Apolonia anaitazama.

Brightson alinyoosha mkono. "Nisomee, afande, mie nisaini. Nikisaini, sitalazimika kufika mahakamani? Kwa hali hii?"

Apolonia aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akairudisha mkobani.

"Mtu asiyeweza kusoma alichosema simruhusu kusaini," alisema. "Nitarudi. Kadi hii naiazima."

*

Kituoni, upande wa Temeke, Koplo Kornelio alikuwa akimsubiri na habari aliyotumwa kuitafuta.

"Nimewauliza makuli sita, afande. Wote wanasema lilelile. Ijumaa asubuhi Brightson alipanda darini kuhesabu marobota. Alipanda na kushuka mara nne, daftari kwapani, ngazi hakuishika hata kwa mkono."

"Asubuhi mzima, usiku hawezi kusimama."

"Anaogopa mahakama, huyo. Anajifanya."

Apolonia naye aliwaza hivyo. Shahidi anayejifanya mgonjwa ni shahidi mwenye jambo. Alikwenda ofisini kwa Mrakibu Revelian, mkuu wake, akalikuta faili la Hija juu ya meza, limefungwa kwa utepe.

"Kesho saa tatu linakwenda kwa hakimu," Revelian alisema. "Una saini ya shahidi?"

"Sina, afande. Na nina swali kuhusu kulabu."

Revelian alishusha pumzi. Kulabu ile, chuma cha makuli cha kunasia marobota, ndiyo iliyomfunga Hija. Ilikutwa darini, ina kamba nyekundu mpinini, kila mtu pale alijua ni ya Hija. Mpini wa mti ulikuwa na damu iliyokauka.

"Daktari aliyeupasua mwili wa Talha ameandika jeraha moja tu," alisema Apolonia. "Kisogoni, la kuangukia sakafu. Hakuna pigo lingine. Talha alivuja damu chini. Kulabu ilikuwa juu, darini. Damu iliyo kwenye mpini ilipandaje ngazi?"

"Hija alijikata."

"Naomba tukamwangalie."

Walimtoa Hija mahabusu, kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, midomo imekauka. Apolonia akamwambia avue shati. Kornelio akamkagua viganja, mikono, kichwa, masikio, miguu. Kovu la zamani gotini. Zaidi ya hapo hakuwa na hata mkwaruzo.

"Kulabu uliiacha wapi?"

"Darini, afande. Nilikuwa nimeichomeka kwenye robota."

"Kuli anaondokaje bila kulabu yake?"

"Talha alinitoa kwenye zamu asubuhi ile. Alisema nimechelewa. Tukatukanana, kweli, nilimtukana. Nikaondoka kwa hasira mikono mitupu. Nilikwenda kulala kivulini nyuma ya kontena mpaka jua likashuka."

"Nani alikuona?"

"Mtu aliyelala peke yake anaonwa na nani?"

Kornelio alimrudisha. Revelian alibaki amelishika faili.

"Hana jeraha," Apolonia alisema. "Na shahidi wetu nadhani ni mwongo. Nipe mpaka jioni."

"Saa kumi na mbili. Baadaye mie nalipeleka kama lilivyo."

*

Kliniki ya Dokta Zubeda ilikuwa Kinondoni, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Kliniki za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa miaka mitatu tu nyuma, na rangi ya kibao chake bado ilikuwa inang'aa. Zubeda alikuwa mzaliwa wa mjini, mtu wa masikio na pua, aliyesoma nje miaka mitano na kurudi na masanduku mawili ya vitabu. Apolonia alimfahamu kwa kesi moja ya mtoto aliyepigwa kofi akawa kiziwi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Apolonia. Nani ameumia?"

"Hakuna. Nataka unifundishe kumkamata mtu anayejifanya ana kizunguzungu."

Zubeda alivua miwani. "Miguu mtu anaweza kuipepesusha. Kutapika anaweza kujitia kidole. Macho hayafundishiki. Uliyaangalia?"

"Yanateleza kulia, yanaruka kushoto. Nilihesabu mara kumi na mbili."

"Kushoto kwako au kwake?"

"Kwake."

"Basi hajifanyi. Mtu wako ni mgonjwa kweli."

Safari yote kutoka Temeke Apolonia alikuwa amejiandaa kusikia kinyume chake. Akaitoa kadi mkobani. Daktari aliisoma mbele na nyuma, kisha akaanza upya.

"Hii inasema sikio lililoharibika ni la kushoto," Zubeda alisema polepole.

"Ndivyo anavyosema mwenyewe. Maradhi ya zamani yamerudi."

"Hapo ndipo hapakai sawa." Alichukua kalamu, akachora mstari na sahani mbili zinazoning'inia. "Mizani unaijua. Ndani ya kila sikio, zaidi ya kusikia, kuna kiungo kinachouambia ubongo mwili umekaaje. Ukitulia, masikio mawili yanatuma taarifa zenye uzito sawa. Likifa moja, sahani yake inabaki tupu. Ubongo unaamini mwili unazunguka. Macho yanaponyoka kuelekea upande wa sikio lililokufa, halafu yanavutwa kwa ghafla kuelekea lililo hai."

"Ya Brightson yanaponyokea kulia."

"Kwa hiyo kwa macho, sikio lililokufa ni la kulia. Kwa kadi, ni la kushoto."

"Kadi ni ya kughushi?"

"Mwandiko huu ni wa mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Hapana, kadi ni ya kweli. Soma hapa, Julai. Walimtia maji baridi sikio la kushoto, macho hayakutikisika. Sikio zima lingeyatikisa. Maana yake halikupona. Lilikufa Machi, na Julai bado lilikuwa limekufa. Lakini mtu anatembea, anarudi kazini."

"Anapanda ngazi na daftari kwapani."

"Kwa nini?"

"Alizoea."

"Neno hilo ni jepesi, kazi yake ni nzito." Zubeda aligonga mchoro kwa kalamu. "Sisi tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba ubongo ni seli za neva, zile zinazopitisha taarifa kama nyaya za simu. Nyingine zote, seli za glia, tuliambiwa ni gundi ya kuzishikilia neva zisimwagike. Jina lenyewe maana yake ni gundi. Nilipokuwa nje nilikaa maabara moja iliyokuwa ikichunguza panya walioharibiwa sikio moja. Tuliangalia pale neva ya sikio inapoingia kwenye ubongo. Siku ya kwanza tu, glia zimeamka. Zimenenepa, zimebadili umbo, zimejaa pale. Zinazoa mabaki ya neva iliyokufa. Zinalisha seli zilizobaki. Zinafyonza kemikali zilizomwagika katikati. Wengine wanadhani hata zinalegeza viungio vya zamani baina ya neva ili vipya vipate nafasi. Bado hatujui kila zinachofanya, nisikudanganye. Lakini baada ya siku chache panya alikuwa ametulia macho, na baada ya wiki kadhaa anakimbia."

"Zinakarabati mizani."

"Zinasaidia kuipanga upya, mpaka ikae sawa huku sahani moja ni tupu. Ndivyo ubongo wa huyu bwana ulivyokuwa kwa miaka mitatu. Sasa ondoa na sahani ya pili."

Apolonia aliutazama mchoro. Akaweka kidole juu ya sahani ya kulia, akaisukuma kimawazo.

"Inapinduka tena. Kana kwamba la kushoto liko hai."

"Hasa. Mtu asiye na sikio hata moja, macho yake hayana cha kuyavuta huku wala huku. Yake yanaruka kwa sababu ubongo ulikuwa umejengwa upya. Kwa hiyo anaposema sikio la kushoto limerudia ugonjwa, mwambie sikio halifi mara mbili. Lililokufa sasa ni la kulia."

"Lini?"

"Ukiona macho yanaruka hivyo mchana kweupe, mtu ameshika karatasi, ni siku, si miezi. Tano, sita, labda nane. Glia ndiyo kwanza zimeanza kazi."

"Ijumaa mpaka leo ni siku sita. Kitu gani kinaua sikio ghafla?"

"Homa. Sindano za aina fulani. Au pigo zito nyuma ya sikio." Daktari alisita. "Anavaa nini kichwani?"

"Kofia ya sufu. Kwenye joto lile."

Dokta Zubeda alisimama, akaanza kutia vifaa ndani ya begi.

"Kama mfupa wa nyuma ya sikio umepasuka, vijidudu vina njia ya kuingia kwenye utando wa ubongo. Huyo anaweza kufa kwa homa ya uti wa mgongo wakati wewe unamngojea asaini. Una gari?"

"Liko chini."

"Twende. Ila jua jambo moja. Nakwenda kama daktari. Sitamdanganya kwa ajili yako."

"Sitakuomba udanganye," alisema Apolonia.

*

Walifika Kimara saa tisa na nusu, Koplo Kornelio akiendesha gari. Brightson alikuwa amelala kochini, ubavu wa kushoto, ndoo pembeni. Zubeda alivuta kigoda akaketi mahali ambapo mgonjwa angeweza kuuona mdomo wake.

"Naitwa Dokta Zubeda. Inspekta ndiye aliyeniomba nije, na nitakachokiona ataniuliza. Unayo haki ya kunikatalia."

"Nakukatalia," alisema Brightson.

"Sawa." Daktari akamgeukia Adelina. "Mama, wewe naweza kukuuliza?"

"Asijibu chochote!"

"Niulize," alisema Adelina.

"Ana homa?"

"Tangu jana usiku. Na shingo anasema imekaza."

"Mto wake ukoje asubuhi?"

Adelina alishangaa swali lile. "Unalowa. Upande huu wa kulia. Nilidhani ni jasho, ila ni maji tu, meupe, hayana harufu."

Dokta Zubeda hakubadilisha sauti, lakini alisimama. "Mama, yale si jasho. Ni maji ya ubongo. Kuna ufa. Sijui kilichompata na sasa hivi si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba akilala hapa usiku huu, sina hakika kama kesho utamwamsha."

Nje mwanamke alikuwa akiita wateja wa mihogo. Adelina alipiga magoti mbele ya kochi.

"Baba Hope. Vua."

"Niache."

"Vua nione."

"Adelina, nimesema niache!"

Adelina alimshika kichwa kwa mkono mmoja, kama anavyoshikwa mtoto anayekataa kunyolewa, na kwa mkono wa pili akaivuta ile kofia. Brightson alijaribu kumzuia, mikono ikapishana na lengo lake, akabaki ameshika hewa.

Nyuma ya sikio la kulia ngozi ilikuwa nyeusi yenye zambarau, imevimba. Katikati palikuwa na mpasuko mfupi, umeshikana kwa damu kavu na nywele.

Dokta Zubeda alimwomba ruhusa tena, na safari hii Brightson akaitikia kwa kichwa. Daktari akamvalisha miwani yenye vioo vizito, ambayo mtu akiivaa hawezi kukazia macho kitu chochote, akaitazama ile miruko kwa kurunzi ndogo. "Kushoto," alisema. "Kila mara kushoto." Kisha akaanza kufunga jeraha kwa shashi safi, bila kuuliza zaidi.

Apolonia aliuangalia ule mpasuko kwa dakika nzima. Upana wake ulikuwa upana wa mpini wa kulabu.

"Mama Hope, Ijumaa alirudi saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro. Alikuwa ameloa damu begani. Aliniambia amedondoka kwenye basi Ubungo."

"Asubuhi uliniambia maradhi yanarudirudi."

"Alishaniambia mapema niseme hivyo ukija. Yalimpata mara moja tu, mwaka ule, na hayajawahi kurudi." Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Shati nimelifua, afande. Doa halikutoka lote. Liko kwenye beseni nyuma."

Kornelio alitoka kwenda kulichukua. Apolonia akainama mbele ya Brightson, akazungumza taratibu ili aone kila neno.

"Bwana Brightson, hulazimiki kusema lolote. Ukisema, nitaliandika na litatumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi tunakwenda hospitali. Ukitaka kuongea, utaongea ukiwa tayari."

Alikuwa tayari kabla hawajafika Ubungo. Alikuwa amelazwa kiti cha nyuma cha Landirova, kichwa mapajani mwa mkewe, macho ameyafumba kwa sababu kila akiyafumbua dunia ilizunguka. Dokta Zubeda aliketi mbele. Apolonia alikuwa amejibana miguuni pao, daftari gotini, na kila alipouliza alipaza sauti, kwa kuwa Brightson hakuuona mdomo wake.

"Alikuwa amefungua robota," Brightson alisema. "Lile lenye alama yangu. Ndani ya makoti mlikuwa na maboksi ya dawa za sindano. Zimepitwa na muda. Tulikuwa tunafuta tarehe, tunaziuza kwenye maduka ya dawa ya uchochoroni. Talha alishika boksi akaniuliza, hizi unamchoma mtoto wa nani? Akasema anakwenda polisi. Nikamnyang'anya. Akachomoa kulabu iliyokuwa kwenye robota, akanipiga kwa mpini. Nilisikia kitu kinavunjika ndani ya kichwa. Nikamsukuma, afande. Nilimsukuma tu aniachie. Nyuma yake palikuwa na ngazi."

"Ukashuka ukamwangalia?"

"Nilimruka nikapita. Nilikuwa naanguka kila hatua, nikashika ukuta mpaka nje. Maboksi niliyarudia? Sikuyarudia. Yako palepale, chini ya makoti ya watoto."

Adelina hakuwa ameondoa mkono wake kichwani mwa mumewe, lakini alikuwa ameacha kumpapasa.

"Na Hija?" Apolonia aliuliza. "Alikukosea nini Hija?"

"Hakunikosea."

"Ulisema ulimwona anakimbia."

"Sikusema." Brightson alifumbua macho, akayafumba upesi. "Jumamosi pale kituoni nilikuwa natapika kwenye ndoo. Wewe ndiye uliyeniuliza, ulimwona Hija akitoka? Nilikuwa sijui hata kama mnamtafuta. Nikaitikia. Ulipouliza kama alikuwa anakimbia, nikaitikia tena."

Kalamu ya Apolonia ilisimama. Dokta Zubeda aligeuza kichwa, akatazama barabara tena. Baada ya muda Apolonia akaandika sentensi ile yote kama ilivyosemwa, pamoja na neno "wewe", akaipigia mstari chini.

Hospitalini walimpokea haraka. Daktari wa zamu alisoma barua ya Zubeda, akaagiza dawa za mshipani na chumba cha pembeni, na Kornelio akaachwa mlangoni na kiti. Adelina alimfuata Apolonia mpaka kwenye ngazi.

"Mtamponya halafu mtamnyonga?"

"Kumponya ni kazi yao hawa. Kuhukumu ni kazi ya jaji. Mie nitaandika kwamba yeye alipigwa kwanza, kwa sababu ndivyo kulabu na jeraha vinavyosema."

"Na kwamba mie nilidanganya?"

"Nitaandika. Na saa uliyosema kweli nitaiandika vilevile."

Adelina alitikisa kichwa kukubali. Akauliza ni wapi pa kununua maji ya kunywa, akaenda.

*

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Apolonia aliweka maelezo ya Brightson mbele ya Mrakibu Revelian, na juu yake boksi moja la dawa ambalo alikuwa amelitoa mwenyewe kwenye robota, chini ya makoti ya watoto. Revelian alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Alipofika kwenye mstari uliopigiwa chini, alinyanyua macho.

"Hili nalo umeliandika?"

"Ndilo lililosemwa, afande."

"Wakili atakutafuna nalo."

"Anitafune."

Revelian alichukua faili la Hija, akafungua utepe. "Nenda kamtoe."

Alikwenda mwenyewe. Askari wa zamu alifungua mlango, Hija akatoka akifumba macho kwa mwanga wa karabai. Akapewa mkanda, kandambili na kitambulisho chake. Alivihesabu kimoja kimoja, akasaini.

"Mmempata?"

"Tumempata."

"Nani aliwaambia ni mie?"

Askari wa zamu alijishughulisha na kitabu chake.

"Hakuna aliyetuambia," alisema Apolonia. "Nilimuuliza shahidi swali ambalo jibu lake nilishaliweka ndani, jina lako. Akalichukua. Kosa ni langu."

Hija alifunga mkanda taratibu. Alikuwa amekonda kwa siku zile za mahabusu, ikambidi aingize pini kwenye tundu la mwisho.

"Kule Kurasini wote wanajua nimeua," alisema. "Mke wa Talha alikuja hapa dirishani akanilaani. Watoto wangu wameambiwa na watoto wenzao. Hayo maneno unayoniambia hapa, ukiniambia mie peke yangu yananisaidia nini?"

"Unataka nifanye nini?"

"Njoo uwaambie wao. Kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mie."

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Ndipo zamu inapopangwa, makuli wote wanakuwa wamekaa langoni."

"Nitakuwepo," alisema Apolonia. "Na kwa mke wa Talha nitapita kabla sijafika hapo."